Kabla hujaomba prosesa 64

Ukianza kazi ya kutatua milinganyo ya joto, mtiririko au mkazo kwa elementi finiti (kuligawa umbo katika vipande vidogo na kutafuta jibu kwa kila kipande) kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa, endesha programu yako kwa prosesi moja (nakala moja ya programu inayofanya kazi), halafu mbili, halafu nne, na kila mara linganisha majibu. Wageni wengi wakiambiwa hivi huona wanacheleweshwa. Hata mimi niliona hivyo, mpaka yakanikuta.

Nilikuwa na mraba wa upande 1, meshi, yaani wavu wa vipande, ya elementi 32 kwa 32. Kwa prosesi moja mambo yalikuwa shwari. Kwa prosesi nne, jumla ya joto ilizidi kiasi kinachostahili, ilhali picha ilipendeza, rangi zimetulia kabisa. Siku tatu nzima nilikilaumu kitatuzi, ile sehemu ya programu inayotatua milinganyo. Mwishowe nikauweka mlinganyo pembeni, nikajumlisha kitu cha kitoto: eneo la mraba wenyewe. Nilitegemea 1. Nikapata 1.1289.

Namba hiyo ndiyo iliyoniumbua. Meshi ikigawanywa kwa prosesi nne, kila moja humiliki elementi 16 kwa 16, lakini hubeba pia safu moja ya elementi za jirani, tuseme kivuli, ili ijue yaliyoko ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikuwa nahesabu na vivuli: 17 kwa 17, mara nne, ni 1156, wakati elementi halisi ni 1024. Gawanya mwenyewe uone. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu, wa kuuliza kama elementi ni ya prosesi hii kabla ya kuijumlisha, kwenye deal.II, maktaba ya elementi finiti, swali hilo huulizwa kwa is_locally_owned(). Prosesi ikiwa moja hakuna vivuli, kwa hiyo ungeweza kujaribu mwaka mzima usilione kosa hilo. Tangu siku hiyo, kila programu yangu hupima eneo kwanza, hata kama naharakishwa.

Lakini majibu kufanana hakutoshi, maana yanaweza kufanana yote yakiwa makosa. Chagua jibu mwenyewe, kwa mfano sin(πx)·sin(πy), litie kwenye mlinganyo wa Poisson (ule wa joto lililotulia, kwa mfano), upate upande wa kulia, kisha iachie programu ilitafute. Kwa elementi za daraja la kwanza, ukipunguza ukubwa wa elementi kwa nusu, kosa katika kipimo cha L2, kinachojumlisha mraba wa kosa juu ya eneo zima kisha kuchukua kipeuo, lishuke takriban mara nne. Likishuka mara mbili tu, mimi huanza kukagua masharti ya mpakani, yaani yale yanayowekwa kwenye kingo za umbo. Usitegemee mara nne ile ile kwenye umbo la herufi L ukiweka mzigo wa kawaida badala ya jibu ulilochagua mwenyewe: hapo kona ya ndani hulifanya jibu lisiwe laini, na kasi hupungua bila kosa lako.

Kuna jambo jingine linalowatia wageni hofu bure. Ukitumia PETSc, maktaba ya vitatuzi, bila kubadilisha chochote, idadi ya marudio ya kitatuzi hubadilika kadiri unavyoongeza prosesi. Ni kawaida: prikondishona yake ya kuanzia (hatua ya kuurahisisha mlinganyo ili kitatuzi kifike haraka), kwenye prosesi nyingi, hushughulikia kipande cha kila prosesi peke yake, na vipande vikizidi inadhoofika. Kitatuzi nacho husimama mabaki, yaani kiasi ambacho mlinganyo bado haujatimia, yakishapungua hadi 1e-5 (sehemu moja kwa laki moja) ya kiwango cha mwanzo, basi tarakimu za sita na saba zikitofautiana usikimbilie kusema kuna kosa. Kaza kipimo hicho hadi 1e-12. Tofauti ikinywea, ni kitatuzi. Ikibaki pale pale, rudi kwenye msimbo wako, na vivuli viwe vya kwanza kushukiwa.

Kasi ije baada ya hayo. Hakikisha maktaba hazikujengwa kwa hali ya kusaka hitilafu, maana hapo vipimo vya muda havina maana. Weka OMP_NUM_THREADS=1, la sivyo kila prosesi inaweza kuzaa nyuzi zake (kazi ndogo zinazoenda sambamba ndani yake) na zikaanza kugombania prosesa. Na usishangae mashine ya kori 32 ikiacha kuongeza kasi ukifika kama kori 10: kuzidisha matriksi yenye sifuri nyingi kwa vekta hungoja data kutoka kwenye kumbukumbu, na njia ya kumbukumbu ni ile ile moja mnayogawana. Hapo kuomba mashine ya pili, ukatumia nusu ya kori za kila moja, mara nyingi hukupa zaidi kuliko kuzijaza kori zote za ya kwanza.