Walinicheka usailini, mshipa wa mjomba ukanirudisha

Jumamosi niliweka kwenye status picha ya barua yangu ya kukubaliwa masomo ya uzamili. Kabla ya adhuhuri meseji zilikuwa zimefika kama arobaini, nyingi za "hongera mwalimu", mbili za kuomba kukopeshwa. Moja ilitoka kwa dada wa Kasulu, mwalimu wa Baiolojia kama mimi: "Kaka, nimeomba mara mbili nimekosa. Wewe wa huku huku Kigoma umepenyaje?"

Dada, na ninyi wengine mnaosoma hapa, maana najua safari yetu ni moja: hata mimi nilikosa, na mpaka leo naona aibu nikikumbuka nilivyokosa.

Usaili wa kwanza niliingia nimekariri. Mada yangu ilikuwa protini zinazofanya ukuta wa mshipa wa damu unenepe baada ya kujeruhiwa. Nikazitaja moja moja, PDGF, FGF-2, TGF-beta, kama kondakta anayetaja stesheni: Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo. Mzee mmoja kwenye jopo akanisimamisha. "Hiyo PDGF unasema inatoka kwenye chembe sahani, zile za kugandisha damu. Chembe sahani haina kiini. Sasa hiyo protini imetengenezwa na nani?"

Nikanyamaza. Feni ikawa ndiyo inayoongea peke yake. Mwenzake akauliza kama huko mwisho wa reli tuna hadubini. Wakacheka. Tunazo mbili, moja haina lenzi, lakini hata hilo sikulisema. Safari ya kurudi siisimulii.

Jibu nililipata baadaye, na urahisi wake ndio ulioniudhi. Kiini ndicho chenye maelekezo ya kutengeneza protini, ndiyo maana mzee aliuliza. Chembe sahani ni vipande vilivyomeguka kutoka seli kubwa za uboho ziitwazo megakariosaiti. Seli hizo ndizo zinazotengeneza protini na kuifungasha kwenye vifuko kabla vipande havijamegwa. Ni kama abiria aliyefungiwa chakula na mama yake: ndani ya treni hapiki, anafungua tu. Ningesema hivyo siku ile, nani angecheka?

Nilitaka kuacha. Aliyenirudisha ni mjomba wangu wa Ujiji. Figo zake zilifeli, akahamia Dar es Salaam kwa mwanawe ili asafishwe damu mara tatu kwa wiki. Mkononi walimuunganishia ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, unaoirudisha. Wanaita fistula, na si ile ya uzazi mnayoijua. Ukiweka kidole pale unasikia mtetemo, kama boti ya dagaa inawashwa mbali. Alikuwa akiwaonyesha wageni kwa fahari.

Likizo moja nikaweka kidole, mtetemo umefifia. Wakampima, wakasema ukuta wa vena umenenepa na njia imebana. Wakapitisha puto dogo, wakalijaza, njia ikafunguka. Baada ya miezi michache ikabana tena, palepale. Mjomba akaniangalia: "Mwalimu, huu mwili wangu unaponya kidonda au unanifungia mlango?"

Yale maneno niliyokuwa nimeyakariri yakaanza kuwa na sura. Ukuta wa ateri una tabaka tatu, na upande unaogusana na damu umetandikwa seli za mstari mmoja tu. Utando huo ukiwa mzima hutoa nitriki oksaidi, gesi inayowatuliza majirani. Ukichubuliwa, chembe sahani hujibandika na kumwaga vifuko vyao. Katika tabaka la kati kuna seli za misuli laini, ambazo kazi yake ni kubana na kulegea. Zina vipokezi vya PDGF. Zikiipata zinaacha kazi na kuanza kuhama kwenda ndani, huku vimeng'enya vikikata nyuzi zinazozishikilia. Nazo seli zilizopondwa na jeraha humwaga FGF-2, inayozichochea nyingine zigawanyike. Zikishafika zinaendelea kuongezeka, na TGF-beta inazihimiza zitandaze kolajeni, nyuzi ngumu za protini. Ndiyo kusema ni fundi uliyemwita kuziba ufa, naye anapiga plasta mpaka mlango haufunguki. Kwa panya aliyechubuliwa ateri ya shingo, seli hizo huonekana upande wa ndani baada ya siku kama nne.

Vena ya mjomba ilikuwa na mzigo wa ziada, kwa sababu haikuumbwa kubeba presha ya ateri. Halafu puto lenyewe, ili lifungue njia, linachana ukuta. Dawa inajeruhi, na jeraha linawaita mafundi walewale! Hili halikuanza Dar. Daktari Andreas Grüntzig alipopanua ateri ya moyo kwa puto kule Zürich, Uswisi, mwaka 1977, dunia ilishangilia. Kisha ikaonekana kwamba takriban theluthi ya njia zilizofunguliwa kwa puto zilibana tena ndani ya miezi sita. Ndiyo maana stenti za siku hizi, vibomba vya wavu vinavyoachwa ndani ya mshipa kuushikilia wazi, hupakwa dawa kama sirolimasi, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, inayozizuia seli kugawanyika.

Usaili wa pili nikamkuta mzee yule yule. Safari hii sikutaja stesheni. Nilianza na mkono wa mjomba, nikaeleza jaribio la mtafiti Russell Ross na wenzake la mwaka 1974: seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ilizifanya seli za misuli laini za ateri ziongezeke, ila seramu iliyotengenezwa kwenye plazima, majimaji ya damu, isiyo na chembe sahani haikuzichochea vile. Hapo ndipo PDGF ilipoanza kunuswa. Mzee akauliza: tukiizuia hiyo PDGF peke yake, mshipa umepona? Nikamwambia hapana. Mwaka 1991 panya walipewa kingamwili dhidi yake. Unene ulipungua lakini haukuisha, kwa sababu kazi kubwa ya PDGF ni kuita seli zihame, na FGF-2 ilikwisha kuzisukuma zigawanyike. Akaandika kitu. Hakucheka. Nakiri nilimtazama kusudi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na swali lako. Si la msimamizi, si la kwenye mtandao. Lako. Walimu wa Kigoma tuna ugonjwa wa kukariri na tunauambukiza watoto darasani; tunadhani maneno magumu ndiyo elimu, kumbe wanaotusaili wameyasikia kabla hatujazaliwa. Jifunze kila protini inatoka wapi, inagusa nani, na isipokuwepo kinatokea nini. Na uanze na swali lako, nimesema tayari lakini narudia, maana watu hawasikii. Anayekudharau kwa kutoka mwisho wa reli mwache acheke, wewe jua vifuko vilipakiwa wapi.

Mjomba amepitishiwa puto mara ya tatu. Nilipomsomea barua kwa simu aliuliza masomo ni miaka mingapi. Nikasema miwili. Akasema, "Haya, nasubiri."

Dada wa Kasulu, nitumie andiko lako la utafiti, ukurasa wa kwanza tu, kwa Kiswahili kwanza. Tuma baada ya saa tatu usiku, mchana niko darasani.