Kompyuta Inapogoma Baada ya Kupandishwa Toleo: Ushauri kwa Mafundi Wanaoanza

Wengi wanaoanza kazi ya kuhudumia kompyuta za shule na ofisi hapa Uganda hupata mtihani wao wa kwanza mzito siku mfumo endeshi unapopandishwa toleo. Mashine iliyofanya kazi vizuri jana huwashwa asubuhi ikiwa haina sauti, au printa haionekani, au programu ya hesabu haifunguki, na mwenye mashine amesimama nyuma ya kiti akisubiri jibu. Wazo la kwanza linalomjia fundi mchanga ni kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Ninamsihi asifanye hivyo kabla ya kujibu swali moja: ni kitu gani cha zamani kilichobaki ndani ya mfumo mpya? Kwa niliyoyaona katika maabara za shule na ofisi ndogo za Kampala na Jinja, hitilafu nyingi za namna hii hazitokani na ubovu wa toleo jipya, bali hutokana na mipangilio, draiva (programu zinazoendesha vifaa) na vyanzo vya programu (mahali mfumo unapozipakua) vilivyoandaliwa kwa ajili ya toleo lililopita.

Mifano yangu inatoka kwenye Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, katika safari ya kutoka toleo la 22.04 kwenda 24.04, kwa kuwa ndiyo niliyoisimamia zaidi. Mashine za maabara hizo ni za zamani, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo nyingi kati yake hazina. Anayehudumia Windows azingatie hili: folda ya Windows.old, inayowezesha kurudi kwenye toleo la awali, kwa kawaida hudumu siku 10 tu, kwa hiyo majaribio ya programu zote muhimu yafanyike ndani ya muda huo.

Kazi hii ifanywe wakati wa likizo, kamwe isifanywe juma ambalo wanafunzi wa Senior Six (mwaka wa mwisho wa sekondari) wana jaribio la kompyuta. Mashine ya mezani isiyo na betri ya akiba iachwe mpaka ipatikane, kwa sababu umeme ukikatika katikati, baadhi ya vifurushi (mafungu ambayo programu husakinishwa kwayo) hubaki vimefunguliwa lakini havijapangwa. Hali hiyo ikishatokea, usikate tamaa: mara nyingi amri ya sudo dpkg --configure -a, ikifuatiwa na sudo apt --fix-broken install, humalizia kilichokatishwa. Kuhusu gharama ya bando, weka programu ya apt-cacher-ng, inayohifadhi nakala za vifurushi, kwenye mashine moja ya maabara na uzielekeze nyingine kwake, ili kila kifurushi kipakuliwe mara moja tu badala ya mara thelathini.

Sasa tuingie kwenye uchunguzi wenyewe. Kabla ya kugusa faili lolote, tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine hiyo, ingia kwayo, kisha ujaribu kile kinacholalamikiwa. Ikiwa tatizo halipo katika akaunti mpya, mfumo ni mzima na kasoro imo katika mipangilio iliyofichwa ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji wa zamani. Ikiwa tatizo lipo katika akaunti zote mbili, tafuta kwenye mfumo: draiva, huduma, vifurushi. Sijui jaribio jingine lenye kugawanya kazi vizuri kama hili, nami hushangaa kuona mafundi wazoefu wakiliruka na kutumia mchana mzima upande usiohusika.

Chukua mfano wa barua pepe. Katika Ubuntu 24.04, Thunderbird haiji tena kama kifurushi cha kawaida. Inakuja kama snap, aina ya kifurushi kinachojitegemea, na snap huhifadhi data zake ndani ya folda iitwayo snap katika nyumba ya mtumiaji, wakati barua za awali zilikaa katika folda iliyofichwa ya .thunderbird. Uhamishaji wa wasifu usipokamilika, programu hufunguka ikiwa tupu na kuomba akaunti mpya, kana kwamba haijawahi kutumika. Bursa mmoja wa shule aliniambia kwa masikitiko, "Mwanangu, barua zangu zote za ada zimepotea." Nilimjibu, "Hapana, mama, hazijapotea, zipo mahali pake pa zamani," na ndivyo ilivyokuwa. Katika hali kama hiyo, funga programu, nakili folda ya zamani kwenye diski ya nje, kisha ndipo unakili wasifu ule kwenda mahali papya. Tahadhari kubwa ni kwamba folda ya zamani isifutwe kwa kisingizio cha kupata nafasi kabla mwenye barua hajazifungua mwenyewe na kuridhika. Wala usikubali kumwekea akaunti mpya haraka haraka ili aondoke, kwa sababu barua zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mashine peke yake hazitarudi kutoka kwenye seva.

Upande wa mfumo, mshukiwa wa kwanza ni draiva. Toleo la 22.04 lilitoka na kiini cha mfumo (kernel) namba 5.15, na 24.04 likaja na 6.8. Draiva za kadi za picha za Nvidia na baadhi ya kadi za Wi-Fi hujengwa upya kwa ajili ya kila kiini, na zikishindwa kujengwa, skrini hubaki na ubora hafifu au mtandao hutoweka. Mashine inapowaka, shikilia Shift, au bonyeza Esc kwenye mashine mpya zaidi zinazowaka kwa UEFI, ili upate menyu ya kuwashia iitwayo GRUB, kisha uchague kiini cha zamani. Kifaa kikifanya kazi humo, umekwisha kujua kwamba kasoro ni ya draiva na kiini kipya, si ya kifaa chenyewe, na hakuna haja ya kumshauri mtu anunue kadi nyingine. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa kupandisha toleo unapoulizwa kama vifurushi vilivyopitwa na wakati viondolewe, mimi hupendelea vibaki mpaka kila kitu kimejaribiwa.

Mshukiwa wa pili ni faili za mipangilio. Wakati wa kupandisha toleo, mfumo huuliza kama ubakize faili lililobadilishwa na msimamizi au uweke jipya, na watu wengi hubonyeza tu bila kusoma. Ndipo folda ya pamoja ambayo walimu huweka mitihani hutoweka kwenye mtandao wa shule. Jibu ulilotoa halikufuta kitu: lile faili ambalo halikuchaguliwa limehifadhiwa kando likiwa na mkia wa .dpkg-old, .dpkg-dist, .ucf-old au .ucf-dist. Tafuta mikia hiyo ndani ya /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, linganisha faili mbili kwa amri ya diff, na urudishe mistari inayohitajika tu, badala ya kurudisha faili zima la zamani.

Programu zilizotoka nje ya hazina rasmi ya Ubuntu zinahitaji uangalifu wa pekee, kwani vyanzo vyake huzimwa wakati wa kupandisha toleo na havijiwashi vyenyewe. Programu inaendelea kuwapo, lakini haipokei masasisho, au inavunjika kwa kukosa maktaba yake. Thibitisha kwanza kwamba mtengenezaji ametoa toleo la 24.04, ndipo uwashe chanzo. Kwa wanafunzi wa programu, Python imetoka 3.10 hadi 3.12, hivyo mazingira pepe (virtual environment) ya zamani yatengenezwe upya, wala wasilazimishe pip, kisakinishi cha maktaba za Python, kuandika kwenye Python ya mfumo pale inapowakatalia.

Unapokwama, soma kumbukumbu ambazo mfumo wenyewe umeandika. Folda ya /var/log/dist-upgrade hueleza yaliyotokea wakati wa kupandisha toleo, na amri ya journalctl -b -p err huonyesha makosa tangu mashine ilipowashwa. Usiogopeshwe na wingi wa mistari, kwani hata mashine nzima huwa na makosa kadhaa yasiyo na madhara. Tafuta jina la kifaa au huduma inayolalamikiwa, na uangalie saa ya tukio. Badilisha jambo moja, jaribu, andika matokeo kwenye daftari, kisha ndipo uende kwa jingine. Fundi anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hata akifanikiwa hatajua kilichomsaidia, na mashine ya pili ikileta shida ileile ataanza mwanzo.

Kusakinisha upya kuna mahali pake. Ikiwa vifurushi vya msingi vimevurugika kiasi kwamba apt, programu inayosakinisha vifurushi, inataka kuondoa nusu ya mfumo, au diski yenyewe inaonyesha dalili za kufa, usipoteze siku kubishana nayo. Nakili folda za nyumbani pamoja na zile zilizofichwa, nakili /etc nzima, andika orodha ya programu kwa amri ya dpkg --get-selections, hakikisha nakala hizo zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo uingize flashi ya kusakinishia.