Dodoso la kujidhibiti kwa wasemaji wa Kifaransa: tafsiri peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza hivi: dodoso la kujidhibiti likitafsiriwa Kifaransa, mtu mwingine akalirudisha Kiingereza na maana zikalingana, je, uwape wanafunzi wako wa Bukavu? Hapana, bado. Nimeifanya kazi hii Bujumbura na wanafunzi wa uuguzi, na mambo mazito yalianza tafsiri ilipokwisha kupita.

Usianze na karatasi tupu. Kipimo kifupi cha kujidhibiti cha wanasaikolojia Tangney, Baumeister na Boone cha mwaka 2004, chenye kauli 13, kina toleo la Kifaransa lililochapishwa na Damien Brevers na wenzake mwaka 2017. Litumie hilo. Ila kumbuka wanafunzi wako Kifaransa wanakisoma darasani, wakirudi nyumbani ni Kiswahili au Mashi.

Kwa hiyo kaa nao mmoja mmoja. Mwanafunzi aisome kauli kwa sauti, achague namba kuanzia 1 (hainihusu kabisa) hadi 5 (inanihusu sana), halafu akueleze kwa Kiswahili kwa nini kachagua hiyo. Kauli mojawapo inasema watu wangesema nina nidhamu ya chuma. Watu gani? Dada mmoja aliwawaza wazee wa kanisani kwao, akajipa 5. Mwenzake aliwawaza wenzake wa bwenini, akajipa 2. Hao wawili hawajajibu swali moja, na tafsiri ya kurudisha haiwezi kukuonyesha hilo hata kidogo. Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu inachosha, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Kingine, kauli 9 kati ya hizo 13 huhesabiwa kinyume: anayejipa 1 kwenye "mimi ni mvivu" unamwandikia 5. Usikubali mtafsiri aziongezee ukanushi, maana mtu akishalazimika kukataa jambo lililokwisha kukanushwa, anaweka alama popote. Na mwalimu wao atoke chumbani; nani atakiri uvivu mbele ya anayemsahihishia mtihani?

Ukishakusanya majibu, usiishie kwenye alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha kauli zinavyokwenda pamoja) kuvuka 0.70. Angalia kila kauli inavyoendana na jumla ya zile nyingine. Ikitoka hasi, ama umesahau kuigeuza, ama hawakuielewa. Kisha wape watu walewale tena baada ya wiki chache, ulinganishe. Ukifika hapo lete jedwali la kauli hapa, tutalipitia pamoja.