Maswali yenu: Mtoto aliyekuwa moto, sasa amepoa

Wiki hii barua nyingi ni za wazazi wenye watoto wa ADHD, wale ambao ubongo wao unawapa shida kutulia, kumakinika na kujizuia. Nimechukua nne.

*Mwanangu ana miaka 10, ana ADHD. Alikuwa hakai kitini hata dakika. Tangu shule zifunguliwe amejikunyata tu, mpira hagusi. Ndugu wanasema amekua, nishukuru Mungu. Nishukuru? (Mama, Tegeta)*

Subiri kwanza, mama. ADHD haiishi likizo moja. Mtoto anayekua hutulia huku bado anapenda alichokuwa akikipenda. Wako ameuacha mpira uvunguni, upepo umekwisha, na hajamsumbua mtu amtafutie pampu. Hapo ndipo ningeshtuka.

Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kwa mtoto mara nyingi haina machozi. Huja kwa hasira za ajabuajabu, tumbo linalouma kila asubuhi ya shule, usingizi uliopitiliza au uliopotea, chakula kurudi jikoni. Na maneno kama "mimi mjinga tu". Usishangae ameyatoa wapi: mtoto wa ADHD husikia jina lake likiitwa kwa ukali tangu uji wa asubuhi hadi anapolala. Ipo siku huyaamini.

Hali hiyo ikishika siku nyingi kwa wiki 2, mpeleke hospitali na uulize kitengo cha afya ya akili. Kwa Dar, Muhimbili wanacho. Huku nyumbani, mtafutie kila siku jambo moja alilolifanya vizuri, ulitaje kwa jina. "Umefunga geti bila kuambiwa" linamfikia kuliko "hongera".

*Mwanangu anatumia Ritalin, dawa ya ADHD. Jioni ananuna, analia ovyo. Ni sonona au ni dawa? (Baba, Nairobi)*

Tazama saa. Ritalin ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa kama saa 3 hadi 4, na inapoisha nguvu baadhi ya watoto huchachamaa. Isitoshe hukata hamu ya kula, na mtoto aliyeshinda bila chakula hana uvumilivu. Kwa wiki moja andika: kameza saa ngapi, kala nini, kaanza kununa saa ngapi. Hali hiyo ikiwa ya jioni tu, daktari anaweza kubadilisha kipimo au muda. Akiamka nayo na kulala nayo, Jumamosi hadi Ijumaa, hilo ni jingine. Daftari lako litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kichwani. Dawa usiikate mwenyewe.

*Mama mkwe anasema dawa ya ADHD ya mwanangu ni fimbo na kumnyima sukari. (Mama, Morogoro)*

Sukari punguzeni kwa ajili ya meno. ADHD haiji nayo. Fimbo kwa mtoto anayejiona hafai inamthibitishia tu. Mama mkwe mpe kazi: amsimulie hadithi kila usiku. Hiyo bibi anaiweza.

*Mtoto wa kaka yangu, miaka 12, alisema "bora nisingekuwepo". Naogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo. (Shangazi, Mombasa)*

Muulize, shangazi, leo hii. Kuuliza hakumtii mtoto wazo la kujiua; humpa pa kulitua kama analo. Msikae kama mko kortini. Menyeni viazi pamoja, macho yako kwenye kisu, useme: "Juzi ulisema bora usingekuwepo. Huwa unawaza kufa?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikuchoma. "Usiseme hivyo, ni dhambi" itamfunga mdomo.

Akisema ndiyo, asiachwe peke yake. Fungieni vidonge vyote vya nyumbani na dawa ya panya, na afike hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya watoto ni ya bure, Kenya na Tanzania. Kwa daktari yarudie maneno yake kama alivyoyatamka, usiyapunguze makali kwa aibu, na ADHD uitaje mapema, kabla hajaambiwa ni utundu.