Maswali ya kodi Marekani: mjazaji asiyetia saini na watoto wa kuazimana

Nafanya kazi ya usiku ghalani, nina watoto watatu. Jamaa mmoja hujaza kodi nyuma ya duka lake, anataka asilimia 15 ya pesa zitakazorudi. Ni haki? (Mama, Columbus)

Usimpe, mama. Anayelipwa kwa asilimia atatamani hesabu ivimbe, hata kwa uongo. Nafuu ya EITC, pesa za kodi ambazo serikali huwapa wafanyakazi wa kipato kidogo, kwa wenye watoto watatu au zaidi inaweza kufika dola 8,046 kwa mwaka wa kodi 2025. Asilimia 15 ya hizo ni zaidi ya dola 1,200, na hiyo ni pango la nyumba! VITA, mpango wa IRS (idara ya kodi ya Marekani), wanakujazia bure. Ni watu wa kujitolea waliofaulu mtihani wa IRS, utawakuta maktaba na vituo vya jamii. Piga 800-906-9887 uulize kilicho karibu. Beba kitambulisho, kadi za soshali (Social Security) za nyumba nzima, W-2 zote (karatasi za mshahara kutoka kwa waajiri) na namba ya akaunti ya benki. Kama mnajaza pamoja na mumeo, nendeni wote wawili.

Tena, anayelipwa kukujazia lazima kisheria atie saini na aandike namba yake ya PTIN, namba ya mjazaji inayotolewa na IRS. Akisema "saini mwenyewe, mimi nakusaidia tu", chukua karatasi zako uondoke. Kosa likionekana, barua ya IRS inakuja kwako.

Wanangu wako Bukavu kwa bibi yao, nawatumia pesa kila mwezi. Niwaandike kwenye EITC?

Hapana. Mtoto lazima awe ameishi nawe Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Swali hili linarudi kila msimu, na risiti za kutuma pesa hazijawahi kulibadilisha jibu.

Naishi na mtoto wa dada yangu na wa binamu yangu. Nawadai wote kwenye EITC?

Wa dada, ndiyo, akiwa chini ya miaka 19, ana namba ya soshali inayokubalika kwa kazi, ameishi kwako zaidi ya nusu ya mwaka, na mama yake hamdai. Wa binamu hahesabiki kwenye EITC, hata ukimlea kama wako, isipokuwa amewekwa kwako rasmi na serikali au mahakama. Na wale mnaoazimana watoto ili fomu zinone, acheni. Uzembe hukufungia EITC miaka 2, udanganyifu miaka 10. Watoto wako halisi ndio watakaokosa.

Pesa zikirudi nitakatwa SNAP (msaada wa chakula)?

Hapana. Hazihesabiwi kuwa kipato, wala akiba kwa miezi 12.

Nilijaza Januari, mbona kimya?

Sheria inaizuia IRS kuachia pesa zenye EITC kabla ya katikati ya Februari. Subiri, usichukue mkopo wa haraka wa mjazaji.

Sina mtoto, naendesha Uber. Kuna changu?

Huenda. Ukiwa na miaka 25 hadi 64 na kipato chini ya dola 19,104, kama hujaoa, EITC ya 2025 hufika dola 649. Faida ya Uber ikifika dola 400 ni lazima ujaze hata kama hudaiwi kitu kingine. Miaka uliyoruka nayo idai: una miaka 3 tu, kisha pesa zinabaki serikalini.