Kupanga harusi kama mradi: anzeni na idadi ya wageni, ukumbi baadaye

Umesema mna miezi saba, nyote wawili mko kazini kutwa, na unauliza kama mbinu za usimamizi wa miradi zinafaa kwenye harusi au zitaigeuza kikao cha ofisi. Zinafaa, ndugu yangu. Huu ni mwaka wangu wa tisa nasimamia miradi ya ujenzi, na harusi yetu tuliipanga kwa mbinu zilezile. Kuna tulipopatia na kuna tulipoumia.

Mradi wowote una mambo matatu yanayovutana: muda, fedha na ukubwa wa kazi. Ukigusa moja, mengine yanatikisika. Sasa harusi ina ugumu wake: tarehe ikishatangazwa haisogei. Jengo likichelewa wiki tatu mwenye mali atanuna, lakini atahamia tu. Harusi haina wiki tatu za nyongeza, na fedha ni hizo mlizonazo. Kinachobaki kupunguzwa ni ukubwa wa kazi, na ukubwa wa harusi ni idadi ya wageni. Viti, chakula, kadi, usafiri, vyote vinahesabiwa kwa kichwa. Kwa hiyo nawaomba msianze kuzunguka kwenye kumbi. Kaeni kwanza mpate idadi.

Sisi tulianza na ukumbi. Tuliupenda siku ileile, tukalipa kianzio kwa watu 200, halafu orodha za familia mbili zikaja na jumla ya 310. Tulivutana wiki tatu. Mwishowe tukahama ukumbi na kianzio hakikurudi, kwa kuwa mkataba ulisema hivyo kwenye ukurasa wa pili ambao hatukuusoma. Iliniuma sana, maana kazini sisaini karatasi kabla ya kuisoma yote.

Baada ya hapo nilifanya ninachofanya kazini. Kila kazi tuliiandika kwenye kikaratasi chake, tukavibandika ukutani sebuleni, kisha tukaunganisha kwa uzi kazi na ile inayoingoja. Msingi wa mbinu hii uliwekwa mwaka 1957 na James Kelley na Morgan Walker, walipokuwa wakitafuta namna ya kupanga kazi za viwanda vya DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani: unatafuta mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana, kwa sababu huo ndio unaoamua mradi utakwisha lini. Wetu ulikuwa huu: idadi ya wageni, ukumbi, kuchapa kadi (kadi haichapwi bila jina la ukumbi), kusambaza, kusubiri majibu, kumpa mpishi hesabu ya mwisho. Jumla wiki 19, nasi tulikuwa tumebakiwa na 22. Maua, keki na muziki havikuwemo. Vingeweza kuchelewa wiki mbili na asiumie mtu. Mchumba wangu alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya maua. Alisimama mbele ya ule ukuta, akafuata uzi kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe tunaogopa kitu sicho." Kesho yake tulishinda kwenye simu tukikamilisha orodha.

Kuhusu muda wa mafundi, usichukue jibu moja. Muulize fundi mambo matatu: mambo yakienda vizuri, siku za kawaida, na yakiharibika kabisa. Jibu la kawaida lizidishe kwa 4, jumlisha na mengine mawili, gawanya kwa 6. Hesabu hii ilitokana na mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1958, na kwenye gauni inafanya kazi vilevile. Fundi wetu alisema wiki 3, 4 na 11, ikaja wiki 5. Tukampa 7. Mchumba wangu alipolijaribu gauni mara ya pili, mkono wa kushoto ulikuwa unavuta begani, ikabidi ufumuliwe na kukatwa upya. Lilikamilika wiki ya sita, na hakuna aliyelia.

Kila kazi iwe na jina moja tu. Usafiri wa wazee tuliwapa watu wawili, na kila mmoja akaamini mwenzake ameshazungumza na dereva. Tuligundua siku mbili kabla. Tengeni pia sehemu ya kumi ya bajeti kama akiba ya dharura, na ashike mtu ambaye si nyinyi.

Ndugu wataleta nyongeza, na wanazileta kwa upendo. Msiwakatalie, waonyesheni hesabu. Mama mkwe alipoomba meza mbili zaidi nilimwekea jedwali mbele yake nikamwambia, "Mama, tutaziweka, tusaidie kuchagua nini kitoke." Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akachukua kalamu akakata mapambo ya lango la kuingilia. Hatukuhitaji kubishana, na hadi leo nashukuru kwamba tulimshirikisha badala ya kumkwepa.

Ila mchumba wako si mkandarasi wako. Mimi nilikuwa namtumia jedwali kila Jumatatu asubuhi, mpaka akaniambia anajisikia kama anadaiwa kazi. Alikuwa na haki. Tukaweka saa moja kila Alhamisi jioni kwa ajili ya harusi, na nje ya saa hiyo hatuigusi. Tafadhali anzeni na hilo wiki hii, hata kabla ya ukuta na uzi.

Kwa siku yenyewe, andikeni ratiba ya ukurasa mmoja, mmpe nakala mshereheshaji, mpishi na mpiga picha, na simu zenu azishike ndugu mmoja mwenye ruhusa ya kuamua bila kuwauliza. Mkishapata idadi ya wageni niandikie pamoja na tarehe, tuupange mnyororo wenu kwa kurudi nyuma kuanzia siku ya harusi.