Usiandike kadi ya neno ambalo hujalisikia

Nilihamia Kampala kutoka Tanga mwaka 2019, nikiwa na Kiswahili changu, Kiingereza cha shule, na imani kwamba Kiganda nitakiokota njiani. Omuntu ni mtu, abantu ni watu, ekitabo ni kitabu, okusoma ni kusoma. Hata saa tunazihesabu sawa: ssaawa bbiri za asubuhi za Mganda ndizo saa mbili zetu. Sasa kigumu kiko wapi? Miezi sita baadaye bado nilikuwa nasimama nyuma ya vitenge, mteja anaongea na mwenzangu, nami nashika neno moja katika matano. Duka letu liko jirani na Kikuubo, ule uchochoro wa wauzaji wa jumla katikati ya jiji, na pale hakuna mteja wa kukusubiri ufikirie.

Kilichonitoa hapo ni kadi za maneno kwenye simu. Natumia Anki, programu aliyoitengeneza Damien Elmes, iliyotoka mwaka 2006. Jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Kwenye simu za Android inaitwa AnkiDroid, nayo ni bure. Ya iPhone inalipiwa. Inakuonyesha upande mmoja wa kadi, unajaribu kulikumbuka jibu, unageuza, kisha unabonyeza kitufe kusema kama ulikumbuka au ulisahau. Kadi uliyoikumbuka inarudi baada ya siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Uliyoisahau inarudi leo hii hii. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza namna ya kupanga kadi za karatasi katika visanduku, kila kisanduku na siku zake za kurudiwa. Simu imechukua kazi ya visanduku.

Jambo moja zaidi kuhusu programu hii: haihitaji bando. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, mimi niliendelea kurudia kadi zangu kama kawaida.

Lakini nilianza vibaya, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilipata orodha ndefu ya maneno ya Kiganda, nikawa naingiza maneno hamsini kwa siku. Ndani ya wiki mbili programu ilikuwa inanidai kadi zaidi ya mia tatu kila asubuhi. Nikaifungia simu kabatini, kwa maana ya kwamba sikuifungua ile programu mwezi mzima. Kilichoniuma zaidi si ule mlundikano. Ni kwamba hata maneno niliyoyajua hayakuwa na pa kwenda. Nilijua entugga ni twiga. Nauza vitenge Kampala, twiga nitamtaja kwa nani? Na papo hapo mteja akiniambia "Nsalirako, nnyabo", sikujua kwamba ananiomba nimpunguzie bei.

Siku moja mama mmoja alishika kitenge akaniuliza, "Engoye muzitunga wano?" Sikio langu likadaka kutunga. Kwetu kutunga ni shairi, au ushanga. Nikamwita mwenzangu, naye akamjibu mara moja kwamba fundi yuko ghorofa ya juu. Kumbe okutunga ni kushona, na okutunda, nililokuwa nikilichanganya nalo kila siku, ni kuuza. Usiku ule niliandika sentensi nzima ya yule mama upande wa mbele wa kadi, na nyuma nikaweka: "Nguo mnazishona hapa?" Haijanitoka mpaka leo. Ziweke sentensi hizo mbili sambamba uzitazame: mu-zi-tunga, m-na-zi-shona. Ile zi ya nguo imekaa pale pale, kwao na kwetu. Orodha ya maneno isingenionyesha hilo hata ningeikariri mwaka mzima.

Tangu siku hiyo nina sharti moja: siandiki kadi ya neno ambalo sijalisikia kwa mtu. Neno linakuja na uso, mahali, hata hasira au kicheko cha aliyelisema, na kadi inaporudi baada ya miezi miwili vyote hivyo vinarudi nalo. Watu hulalamika kwamba lugha zetu hazina kadi zilizokwisha kutengenezwa kama Kifaransa au Kijapani. Mimi naona hiyo ni heri kwa mwanafunzi. Kutengeneza kadi ndiyo nusu ya kujifunza. Kondakta wa taksi, kama wanavyoita daladala huku, alinifundisha bila kujua: abiria akitaka kushuka hupaza sauti, "Maaso awo!" Amaaso ni macho, tena ni uso, na mu maaso ni mbele. Kadi moja, maana tatu, na kila nikiipata nasikia mlango wa taksi ukifunguliwa.

Sisi wenye Kiswahili tuna hatari yetu ya pekee, nayo ni kupoteza muda kwenye yale yanayofanana. Usiandike kadi ya embuzi wala embwa. Usiandike ya bbeeyi, ni bei yetu hiyo hiyo. Andika yale yanayokudanganya: okufumba ni kupika, si kufumba macho, okuwona ni kupona, na kuona kwao ni okulaba. Andika pia majina pamoja na wingi wake, maana ngeli ndipo tunapoteleza. Olugoye ni nguo moja, engoye ni nyingi. Ukikumbuka ulimi na ndimi, ambazo kwao ni olulimi na ennimi, mlango unafunguka. Kitunguu ni akatungulu, vitunguu ni obutungulu, na hapo Kiswahili sanifu hakikusaidii, kwa sababu hatuna ngeli hiyo. Kadi kama hiyo ina faida.

Halafu kuna sauti. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ukweni Masaka nilipiga magoti kusalimia, kama ilivyo desturi ya wanawake wa Buganda, kisha nikataka kushukuru kwa chakula. Nikasema, "Nsimye." Shangazi wa mume wangu, ssenga kama wanavyomwita, akanishika mkono, akakifungua kiganja changu, akapitisha kidole chake taratibu kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole changu cha kati, huku anatamka, "Nsiimye, mwana wange." Ile i ilikwenda na kidole chake mpaka mwisho. Okusiima ni kushukuru na kuridhika. Okusima ni kuchimba. Vivyo hivyo okuba ni kuwa, na okubba, ukiikaza hiyo b, ni kuiba.

Tahajia ya Kiganda iliyokubaliwa mwaka 1947 inasaidia, maana herufi huandikwa mara mbili sauti inapovutwa au kukazwa. Lakini toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti, haiandikwi. Kwa hiyo kadi zangu nyingi sasa zina sauti ya mtu. AnkiDroid inarekodi moja kwa moja ndani ya kadi. Namwomba ruhusa kwanza, namwambia ni kwa ajili ya kujifunza, na sijawahi kukataliwa. Ssenga alinirekodia sentensi kama thelathini jioni moja tukimenya matooke. Nikisikia sauti yake asubuhi kabla sijafungua duka, najibu kwa sauti, si moyoni. Jibu la moyoni hudanganya sana. Ulimi ndio unaosema kweli.

Kuhusu idadi: programu imepangiwa kadi mpya ishirini kwa siku. Punguza. Mimi huweka sita, na siku ya mzigo kushuka dukani siweki hata moja, narudia za zamani tu. Sita kwa siku ni zaidi ya elfu mbili kwa mwaka, na hizo zinatosha kupatana bei, kufariji mfiwa na kumgombeza mtoto. Kadi iliyokushinda mara nane usiendelee kupigana nayo. Ifute, usubiri ulisikie lile neno tena mahali pengine, uandike upya na sentensi nyingine. Na ufungue akaunti ya AnkiWeb, hifadhi ya mtandaoni ya programu hii, haina malipo, ili simu ikiibiwa kadi zisiondoke nayo.

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, na tangu hapo mtoto wa jirani yangu amekuwa akija na daftari lake. Nikamwekea programu ile ile kwenye simu ya mama yake, nikamweleza sharti langu. Jumamosi wingu lilitanda ghafla, nikamwita mwanangu, "Anua nguo, mvua hiyo!" Yule mtoto akatoka mbio kwao na simu mkononi, akasimama chini ya kamba nami nimekumbatia mashuka. "Anti," akasema, "rudia hilo la anua, nirekodi."